Kuuhoji Moyo: Al-Inkishafi na Utulivu wa Nafsi katika Darasa la Juba

Utangulizi

Al-Inkishafi ni miongoni mwa tungo za Kiswahili zinazotajwa sana na kusomwa kidogo. Wanafunzi wetu hukutana nao katika kozi ya historia ya fasihi. Huandika daftarini kwamba ni utungo wa kidini wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, kwamba unahusu ubatili wa dunia, kisha huendelea na mada inayofuata. Kwenye mtihani sentensi hizo mbili hutosha kupata alama. Hazitoshi kumweleza mwanafunzi kwa nini utungo wa miaka mia mbili iliyopita, ulioandikwa kisiwani kwa herufi za Kiarabu na kwa lahaja ambayo hata Mswahili wa leo huhitaji kufafanuliwa, usomwe Juba.

Swali hilo ni la haki. Wengi wa wanafunzi wetu walikiokota Kiswahili katika kambi ya Kakuma, au ukimbizini Uganda, au kwa wafanyabiashara wa soko la Konyo Konyo. Kiswahili kwao ni lugha ya kuombea maji, kununulia sabuni na kuvukia mpaka. Tangu Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, kimekuwa pia lugha ya kutafutia kazi. Kwamba lugha hiyo hiyo ina hazina ya hekima ya kiroho ni jambo ambalo wachache wameambiwa.

Katika makala haya tunakusudia kutetea dai moja. Tunadai kwamba Al-Inkishafi haumfundishi msomaji kuikimbia dunia wala kusahau yaliyompata. Unamfundisha kuuhoji moyo wake mwenyewe kwa ushahidi ulio mbele ya macho yake, na utulivu wa nafsi unaotafutwa humo ni zao la mahojiano hayo. Aidha, tutaonyesha mahali ambapo hekima ya utungo huu inapungua, kwa kuwa mwalimu asiyeyaona mapungufu hayo anaweza kuutumia kuwanyamazisha wanafunzi wenye haki ya kusema.

Mtunzi, mji na wakati wake

Sayyid Abdallah alitoka katika ukoo wa masharifu wa Pate, mji ulio katika kisiwa cha jina hilo hilo katika visiwa vya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Pate ilikuwa dola ya biashara chini ya watawala wa Nabahani, na pembe za ndovu zilikuwa miongoni mwa mali zilizoitajirisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Wapate, wakisaidiana na Wamazrui wa Mombasa, waliishambulia Lamu wakashindwa katika vita vya Shela. Lamu ikajiweka chini ya ulinzi wa Oman. Pate, ambayo ugomvi wa ndani ulikuwa umekwisha kuidhoofisha, haikuurudia utukufu wake. Wataalamu wengi huuweka utunzi wa Al-Inkishafi katika kipindi hicho, kati ya 1810 na 1820.

Utungo ulitufikia kwa njia ya miswada. W. E. Taylor aliutayarisha na kuutafsiri, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha C. H. Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. William Hichens alitoa toleo lake mwaka 1939, na James de Vere Allen akatoa lake mwaka 1977. Una beti zisizozidi 80. Kila ubeti una mishororo 4. Mitatu ya kwanza hushirikiana kina, na wa mwisho hubeba kina kimoja kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho.

Tunaitaja fani hii kwa sababu ina kazi katika maudhui. Mishororo mitatu humchukua msikilizaji kwenye bahari, kwenye vumbi au kwenye majumba, kisha wa nne humrudisha pale pale. Ndivyo alivyo mtu anayejaribu kuutuliza moyo wake: fikra hutoka, huzurura, nayo huitwa tena. Mwalimu akiusoma utungo kwa sauti darasani, wanafunzi husikia marudio hayo hata kabla hawajaelewa nusu ya maneno.

Jina la utungo nalo lina darasa ndani yake. Latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunua. Wanafunzi wetu waliosoma kwa Kiarabu huutambua upesi mzizi huo. Kwa hiyo jina lenyewe halimwahidi msomaji faraja. Linamwahidi kwamba kuna kitu kitafunuliwa, na kitu kilichofunuliwa si lazima kipendeze.

Moyo unaosemezwa

Baada ya kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, mtunzi anaeleza nia yake. Anaufananisha utungo wake na koja, yaani mkufu, unaotungwa kwa lulu. Kisha anageuka. Hawageukii watu wa mji wala watawala; anaugeukia moyo wake mwenyewe. Anauuliza kwa nini hauzinduki, na ni jema lipi uonalo katika ulimwengu huu hata ukaung'ang'ania.

Tuulinganishe uamuzi huo na ule wa Mwana Kupona binti Msham, ambaye mwaka 1858 alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Hekima ya Mwana Kupona inateremka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kama zinavyoteremka nasaha nyingi za kwetu Afrika Mashariki. Katika Al-Inkishafi mwonyaji na mwonywaji ni mtu mmoja. Tashihisi ya moyo inamwezesha mtunzi kuwa mkali bila kumtukana mtu. Kila lawama inayotoka kinywani mwake inampata yeye kwanza, na msomaji anayesikiliza pembeni anajikuta amelengwa pia.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Katika maadili ya Kiislamu huitwa muhasaba, yaani kuifanyia nafsi hesabu kama mfanyabiashara afanyavyo na mshirika wake. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitengea nafasi kubwa katika kitabu chake cha Ihya. Wanafunzi wetu wengi ni Wakristo, na wao pia hawaachwi nje. Katika Zaburi ya 42 mwimbaji anaiuliza nafsi yake sababu ya kuinama kwake, na Kitabu cha Mhubiri kinaupima ubatili wa mali na majumba. Mwalimu anaweza kuanzia hapo, na kutoka hapo hadi Pate njia si ndefu.

Taswira zinazotumiwa kuushawishi moyo zinastahili kuangaliwa kwa makini. Dunia ni bahari iliyochafuka, yenye matumbawe ya kuvunjia vyombo. Ni vumbi linaloonekana likicheza katika mwale wa jua, na anayenyoosha mkono kulikamata hupata kiganja kitupu. Ni mazigazi ya adhuhuri yanayomdanganya mwenye kiu. Uhai ni taa iliyo katikati ya upepo. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji elimu ya dini ili ieleweke. Mtunzi angeweza kuamuru moyo usadiki kwa sababu imeandikwa. Badala yake anauonyesha vitu ambavyo kila mwenye macho anaweza kuvihakikisha. Mwanafunzi wa Juba, anayelijua vumbi la kiangazi, hahitaji kufika baharini ili aanze.

Ushahidi wa nyumba

Sehemu inayosifiwa zaidi ni ile ya majumba ya Pate. Mtunzi anatuonyesha kwanza matajiri walivyokuwa: taa zikiwaka hata usiku ukawa kama mchana, vyombo vya kaure vimepangwa katika vidaka vya kuta, mabwana wakitembea kwa maringo ya shingo, na watu wa kuwakanda na kuwapepea wamewazunguka. Kisha anatuonyesha nyumba hizo hizo baada yao. Katika vidaka wamelala makinda ya ndege. Popo wananing'inia juu, buibui wametanda utando, bundi analia ndani, na ua umekuwa kichaka.

Wasomaji wengi huishia kwenye uzuri wa sehemu hii, nao uzuri upo. Sisi tunaona kwamba ubeti ulio na uzito zaidi ni ule ambapo mtunzi anauambia moyo: ikiwa wadhani nasema uongo, nenda mwenyewe kwenye nyumba hizo, ugeuze shingo utazame. Utabisha hodi, na hutaitikiwa ila na mwangwi wa sauti yako. Hapo ndipo tofauti ya Al-Inkishafi na mahubiri ya kawaida inapodhihirika. Moyo unapewa ruhusa ya kutilia shaka, na kazi ya kufanya ili shaka hiyo iondoke. Ukuaji wa kiroho unaanza kwa miguu, kwa kwenda kuangalia.

Tena mtunzi hawataji marehemu kwa jumla. Anauliza walipo watu kwa majina yao, akiwamo Ali bin Nasir, jina ambalo msomaji tayari ameliona katika jina la mtunzi mwenyewe. Huu si mwenendo wa mtu anayetaka kusahau. Anayetaka kusahau hapiti nyumba kwa nyumba, hahesabu vidaka, wala haiti majina. Utulivu anaoutafuta Sayyid Abdallah unapita katikati ya kumbukumbu.

Jambo hili lina uzito wake Juba. Baada ya vita kuzuka Desemba 2013, mji wa Malakal ulibadilisha mikono mara kadhaa na sehemu kubwa yake ikaharibiwa. Bor na Bentiu nayo iliumia vibaya. Tunao darasani vijana wanaojua kubisha hodi mahali pasipo mwitikaji. Mara nyingi watu wenye nia njema huwaambia watulie, wasamehe, wasahau, waangalie mbele. Ni ushauri unaotolewa haraka, na mara nyingine hutolewa na watu ambao wangependa wasiulizwe. Al-Inkishafi haushauri hivyo. Unamwambia mwenye huzuni: hesabu, taja, tazama, kisha ujiulize moyo wako utaishi vipi baada ya kuona.

Hofu au utulivu?

Mpinzani wetu anaweza kusema kwamba tunaulainisha utungo. Atatukumbusha kwamba sehemu ya mwisho ni ya mauti, kaburi, Kiyama na majina ya moto wa Jahannamu, na kwamba mtu anayetishwa hawezi kuitwa mtulivu. Hoja hii ina nguvu. Ni kweli kwamba utungo haumalizikii katika utulivu. Hatuonyeshwi moyo uliokwisha kutua. Tunaachwa na onyo.

Wafasiri wenyewe walitofautiana kuhusu kiini chake, na majina waliyoyapa matoleo yao yanatoboa siri. Hichens aliliita lake kuamka kwa roho. Allen aliliita lake katekisimu ya roho. Kuamka ni tukio la mara moja: mtu alikuwa amelala, sasa yu macho. Katekisimu ni kazi ya kila siku, maswali yanayorudiwa hata yakaingia. Sisi tunaegemea upande wa Allen, kwa kuwa moyo unaosemezwa humu ni mkaidi, na mtunzi analalamika wazi kwamba hausikilizi nasaha zake. Mtu aliyekwisha kuamka hahitaji beti zote zile. Tukiusoma hivi, kutokuwepo kwa utulivu mwishoni hakuwi dosari. Kunamwambia msomaji kwamba kazi hii haimaliziki kwa kusoma kitabu kimoja wala kuhudhuria semina moja.

Aidha, sehemu ya Kiyama haina moto peke yake. Ndani yake dhalimu na aliyedhulumiwa wanakutana, na deni linadaiwa. Malipo hayatolewi kwa dhahabu wala fedha. Yanatolewa kwa thawabu za dhalimu mwenyewe. Kwa mtazamo wetu hapa ndipo utungo unapojilinda na matumizi mabaya. Usingekuwa na beti hizi, mtu angeweza kuunukuu kumwambia mjane kwamba nyumba yake iliungua kwa sababu dunia ndivyo ilivyo, ipite. Beti za madai zinakataa. Nyumba inaweza kuwa mfano wa ubatili wa dunia, na papo hapo kuna mtu anayedaiwa.

Yasiyosemwa

Hata hivyo hatutaki kuusifu utungo kupita kiasi. Tunaona mapungufu mawili.

La kwanza ni la watumishi. Wakandaji na wapepeaji wanaonekana mara moja, kama mapambo ya fahari ya mabwana. Mtunzi anapouliza waliokufa wako wapi, anawauliza wakubwa. Hatuambiwi aliyebeba mawe ya kujengea kuta zile, wala aliyejaza mafuta katika taa zile, amekwenda wapi. Pate ilikuwa jamii yenye watumwa, na watu hao nao walikuwa na mioyo ya kuhoji. Msomaji anayetoka katika nchi ambayo watu wake walitekwa na kuuzwa katika karne ya 19 ana haki ya kuliuliza swali hili, na mwalimu asilizime.

La pili ni la sababu. Utungo unaonyesha kiburi na unaonyesha magofu, lakini hauelezi kwa undani jinsi kiburi kilivyozaa magofu: nani aligombana na nani, nani alianzisha vita, nani alifaidika. Malipo ya dhuluma yameahirishwa hadi Akhera. Kwa mtunzi wa dini hilo halina kasoro. Kwa raia ni nusu ya jibu. Mkataba uliotiwa saini Septemba 2018 uliahidi, katika Sura yake ya 5, tume ya ukweli, upatanisho na uponyaji, pamoja na mahakama ya mseto. Walioandika sura hiyo walitambua kwamba uponyaji na hesabu havitenganiki, na kwamba hesabu ifanyike papa hapa duniani.

Aprili 2019 viongozi wa nchi yetu waliitwa Vatican kwa mafungo ya kiroho, na Papa Francis akapiga magoti akawabusu miguu. Februari 2023 alifika Juba, akifuatana na Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Scotland. Mawazo yaliyokuwa nyuma ya mafungo yale ni yale yale ya Al-Inkishafi: kwamba amani ya mji huanzia katika moyo wa mwenye nguvu. Machi 2025 mapigano yalizuka tena Nasir, katika jimbo la Upper Nile. Hatusemi kwamba mafungo yalikuwa bure. Tunasema kwamba moyo ulioguswa siku moja huhitaji kuulizwa tena siku ya pili, na kwamba hekima ya kiroho isiyofuatwa na matendo hubaki katika ngazi ya machozi.

Kuhusu matendo hayo, Shaaban Robert anaweza kutusaidia. Katika Utubora Mkulima, riwaya iliyotolewa mwaka 1968, miaka 6 baada ya kifo chake, mtu aliyepitia vita anaacha kazi ya mshahara na kuchagua jembe. Utulivu wake unaonekana katika shamba na katika jinsi anavyoishi na majirani. Tukizisoma kazi hizi mbili pamoja, ya kwanza inauliza maswali, na ya pili inaonyesha mikono ya mtu anayejaribu kuyajibu. Hata Shaaban Robert, ni kweli, humrahisishia mhusika wake njia. Shamba la riwaya halina mabomu ya kutegwa wala mgogoro wa mipaka. Lakini mwanafunzi atakuwa amepata vitu viwili vya kulinganisha, na kulinganisha ndiko kunakomfunza uhakiki.

Utungo huu darasani

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza mambo machache.

Kwanza, lahaja isiwe ukuta. Mwanafunzi akielezwa mapema kwamba Kiamu na lahaja jirani zake husema ndia kwa njia, mato kwa macho na nti kwa nchi, hofu hupungua. Mwenye Kiarabu amsaidie asiyekijua katika msamiati wa dini. Beti 10 zilizosomwa vizuri zina faida kuliko beti zote zilizopitiwa mbio.

Pili, tuanze na neno moyo. Kila mwanafunzi aeleze katika lugha ya kwao hasira hukaa wapi mwilini, huzuni hukaa wapi, na mtu mvumilivu huelezwaje. Darasa la Juba lina lugha nyingi, na zoezi hili huwaonyesha kwamba hakuna aliyekuja mikono mitupu.

Tatu, katika zoezi la uandishi, mwanafunzi aandike maneno ya mtu anayeusemeza moyo wake mbele ya mahali palipobadilika. Achague mwenyewe mahali hapo: soko, mti, kivuko cha mto, shule. Asilazimishwe kuandika juu ya vita wala kusoma alichoandika mbele ya wenzake. Mwalimu wa lugha si mganga wa nafsi, na jeraha lililofunguliwa darasani saa nne asubuhi huondoka na mwanafunzi saa sita bila wa kulifunga.

Nne, tusigeuze kipindi kuwa ibada. Mwislamu, Mkristo na anayefuata dini ya mababu wakae pamoja na kuuhukumu utungo kwa hoja. Anayeupinga apewe nafasi, mradi aonyeshe ubeti.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Al-Inkishafi ni utungo wa mahojiano. Mtunzi anaanza na moyo wake, anauletea ushahidi wa macho, anaruhusu shaka, anataja majina, na anakumbusha kwamba dhuluma ina deni. Humo mna njia ya kuelekea utulivu wa nafsi ambayo haimtaki mtu adanganye kuhusu yaliyompata. Tumeonyesha pia kwamba utungo unawasahau waliokuwa chini, na kwamba unaiachia Akhera kazi ambayo sehemu yake ni yetu.

Tunapendekeza usomwe Juba kwa sababu ya yote mawili. Wenzetu wanaouona utungo huu kuwa wa kukatisha tamaa, au wanaoona tumeubebesha mzigo usio wake, wanakaribishwa kutupinga katika toleo lijalo. Waje na beti zao.